Neno "Tayari" na Mashine ya Mwalimu Kuloba

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za ofisi ya Jinja, nikatia sahihi karatasi tatu, nikanywa soda pamoja nanyi, kisha nikapanda boda kurudi nyumbani Mpumudde. Kabla sijatoka, mmoja wenu aliniuliza kwa nini vipeperushi vyetu vina sehemu nzima inayoeleza mambo ambayo mfumo wetu hauwezi kufanya, wakati wenzetu wa mtaa wa pili hawana sehemu kama hiyo na wateja wanajaa kwao. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu soda ilikuwa inapata joto. Sasa nina nafasi, namjibu kwa kirefu.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Aliyetaka kuyajua aliyajua nikiwa bado kazini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuunganisha ofisini: wa Jinja na Kisoga chao, wa Mbale na Kimasaba chao, na bosi Mkenya aliyekataa kujifunza chochote kati ya hivyo viwili. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni na ya madrasa. Majirani walipomsikia baba yangu akikisema kwa sauti uani, wengine walifunga madirisha wakidhani wanajeshi wamekuja, maana kwetu jeshi ndilo lililojulikana kwa kusema Kiswahili.

Niliajiriwa nikiwa mwalimu wa kupiga chapa. Bwana Omondi, yule bosi Mkenya mwenye duka, alikuwa akiuza kompyuta kuukuu zilizotoka ng'ambo, na nyingi zilikuwa na mifumo ya kuibiwa na virusi vya kutosha kulisha mji. Alikuwa amechoka kulaumiwa. Akaamua kwamba kuanzia siku ile kila mashine itakayotoka dukani itawekwa mfumo huria, yaani programu ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzifungua azione ndani, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Kwenye mashine kuukuu zilikwenda vizuri kuliko zile za wizi. Hilo lilikuwa kweli wakati ule na ni kweli leo. Alichohitaji ni mtu wa kuandika vipeperushi na kuwafundisha wateja, na mimi nilikuwa na vidole vyepesi na sauti ya darasani.

Siku ya kwanza hakunipa kalamu wala kompyuta. Alinipeleka karakana, kwa Afande Okiror.

Afande Okiror alikuwa fundi wetu. Alistaafu jeshini, ambako alikuwa mtu wa redio za mawasiliano, akabaki kuishi Kimaka karibu na kambi kwa sababu, alivyosema, hawezi kulala mahali ambapo asubuhi haianzi kwa tarumbeta. Aliniwekea bisibisi mkononi na mashine mezani, akasema nifungue, niangalie, kisha nimwandikie ripoti ya kilichomo. Niliandika ukurasa mzima. Akausoma huku ameushika mbali na uso.

"Madam, hapa umeandika fani inazunguka vizuri. Wewe naona ama wewe naambiwa?"

"Fani huzunguka, Afande."

"Mimi siulizi fani za dunia. Nauliza hii."

Mashine haikuwa hata imechomekwa kwenye umeme. Akanieleza kwamba jeshini ripoti ya redio ilikuwa na mambo matatu: niliyoona, niliyoambiwa, na nisiyojua. Mtu akiyachanganya, watu wengine wanakwenda mahali wasipopaswa kwenda, na si wote wanarudi. Alilisema hilo kwa sauti ileile anayoagizia chai. Nilidhani ni mambo ya kizee ya jeshi, nikacheka kidogo, nikafuta mstari wa fani.

Kazi ilipokolea, Bwana Omondi alifungua chumba kingine Mbale, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mimi nikapelekwa huko. Tangazo letu la redio aliliandika yeye. Lilisema hivi: "Mfumo huria wa kompyuta! Hauna virusi! Uko tayari kwa kila mtu, kwa kila kazi!" Alikuwa mtu wa alama za mshangao. Kwenye kipeperushi aliweka tatu tatu.

Nilijua maneno "kila kazi" yana tatizo. Kulikuwa na printa ambazo hazikukubaliana nasi hata kwa kubembelezwa. Karani mmoja wa mahakama alileta faili ambalo kwetu lilifunguka likiwa na mistari imerukiana kama limechapwa ndani ya lori. Lakini haya tuliyatengeneza au tuliyakwepa, na mteja aliondoka akitabasamu. Nikajizoesha kusema "tayari" jinsi mtu anavyojizoesha kusema "niko njiani" akiwa bado anatafuta kiatu.

Ndipo akaja Mwalimu Kuloba.

Alipanda ngazi zetu polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika fimbo nyeupe, mgongoni mkoba wa laptopu. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari kule Busiu. Alipoteza macho akiwa kijana, akasoma hivyo hivyo, akafuzu hivyo hivyo. Laptopu yake ilikuwa na programu ya kusoma kwa sauti aliyopewa na wafadhili. Kila alichoandika, mashine ilimsomea sikioni. Lakini mfumo uliokuwa chini ya programu hiyo ulikuwa umejaa virusi na ulikuwa unakufa.

Aliketi, akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Mama, mimi nasikia redio inasema hii mashine iko tayari kwa kila mutu. Mimi pia niko mutu?"

Nilicheka kwa adabu. Nikamwambia asubiri, nikatoka kwenye korido kumpigia Bwana Omondi. Akasema mfumo wetu una programu ya kusoma kwa sauti ndani yake, bure, haina haja ya wafadhili. "Mwambie ndiyo, Mama Shamimu. Huyo akiridhika, Mbale nzima itasikia."

Nilikuwa nimeiona programu hiyo kwenye orodha, jina lake na kialama chake. Sikuwahi kuifungua. Nikarudi ndani nikaiwasha mara moja, ikasema sentensi moja ya Kiingereza kwa sauti ya mtu aliyeziba pua. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Afande alikuwa amekuja Mbale wiki ile kwa kazi nyingine. Kabla ya kufuta mashine ya mwalimu, aliniita pembeni.

"Hii kitu ya sauti inafanya kazi yote ya mwalimu? Wewe naona?"

"Nimeona, Afande."

Nimeandika maneno mengi katika miaka yangu ya kazi. Hayo mawili ndiyo ningeyarudisha kama ingewezekana. Afande alinitazama, akaamini, akafuta. Mwalimu Kuloba aliondoka na mfumo mpya, safi, wenye kasi, na kipeperushi chenye alama tatu za mshangao ambacho hakuweza kukisoma.

Baada ya mwezi hivi, mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke ambaye sikumjua. Alikuwa mke wa mwalimu. Hakukaa.

"Mume wangu hajui kama nimekuja," alisema. "Nataka kujua tu. Wewe ndiye ulimwambia?"

Akanieleza. Mashine ikiwashwa, mahali pa neno la siri palikuwa kimya. Mwalimu aliandika gizani bila kujua kama ameingia. Akifungua hati yenye jedwali, sauti inakata. Orodha zake zote za alama zilikuwa majedwali. Alivumilia akidhani kosa ni lake, kwamba hajazoea. Ukafika mtihani wa mwisho wa muhula. Kwa miaka alikuwa ametunga mtihani wake peke yake, akauchapisha, akasimama mwenyewe kando ya mashine ya kutoa nakala mpaka bahasha ifungwe. Hakuna mtu aliyemsomea, hakuna mtu aliyejua maswali. Safari hii sauti ilikata katikati, na ilibidi amwombe mtu pale ofisini amsomee alichoandika. Siku mbili baadaye maswali yalikuwa bwenini. Mtihani ukafutwa. Mwalimu mkuu akampa mwalimu mwingine kazi ya kutunga mitihani ya historia, na katika chumba cha walimu mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba mitihani ni kazi ya wenye macho.

"Alirudi nyumbani hakula," mkewe alisema. "Anakaa tu, mashine iko kwa magoti, ameizima."

Aliondoka bila kuniambia neno baya. Ningefurahi kama angenitukana.

Siku ileile nilifunga ofisi saa nne asubuhi, nikapanda gari la Tororo, nikashuka Busiu. Nilimkuta mwalimu ameketi barazani kwake. Nilijitambulisha nikasema: nilikwambia ndiyo kabla sijaijaribu. Nilimdanganya pia fundi wetu. Kosa ni langu.

Alipapasa mashine iliyokuwa magotini mwake. Kisha akauliza, "Wewe unajua kutumia hii mashine bila kuangalia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kaa."

Akaniamuru nipunguze mwanga wa skrini mpaka iwe nyeusi kabisa. "Sasa tuko sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, kwa sababu dakika ile ile nilikuwa tayari nimepotea, nabonyeza vitufe huku sauti ikinitajia vitu nisivyovijua. Mimi, niliyefundisha watu mia kupiga chapa! Nilikwenda kwake siku hiyo, na keshoye, na wiki iliyofuata siku tatu mfululizo. Tulikaa na daftari. Tulijaribu kila kazi yake moja moja: barua, barua pepe, kurasa za mtandao, orodha za alama, kuchapisha. Iliyokwenda niliandika imekwenda. Iliyokwama niliandika imekwama wapi. Mengine yalitaka kubadilishwa mpangilio tu. Ule ukimya wa neno la siri, kwa mfano, tuliuondoa kwa alama moja mahali ambapo mimi, eti mtaalamu, sikuwahi kufika. Majedwali yalikataa. Na majina ya Kimasaba sauti iliyasoma hovyo kabisa. Ilimwita "Kyu-lo-ba," naye akasema huyo ni binamu yake wa Ulaya.

Lakini kwa majedwali hakuna mzaha uliosaidia. Mtu huyu alihitaji programu yake ya zamani, na sisi tulikuwa tumeifuta pamoja na kibali chake cha kuitumia, ambacho kilihifadhiwa ndani ya mashine ile tu. Niliwaandikia wafadhili. Hawakujibu. Niliwaandikia tena kila Jumatatu, mpaka nadhani walitoa kibali kipya ili Jumatatu zao zipumzike. Afande akaja na basi kutoka Jinja, akaurudisha mfumo wa zamani mahali pake, safi, akaweka na programu ile. Tulipomaliza alifunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akasema, "Madam, siku ile uliniambia umeona." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa unajua." Hakulitaja tena mpaka alipostaafu kwa mara ya pili.

Kulikuwa bado na mwalimu mkuu. Nilikwenda ofisini kwake nikaeleza kwamba maswali yalitoka kwa sababu yetu. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu nne mfukoni.

"Mlimwambia iko tayari?"

"Mimi nilimwambia. Sikuwa nimejaribu."

"Andika hivyo, kwa karatasi ya kampuni yenu, utie sahihi. Nitaisoma mbele ya walimu."

Niliandika palepale. Muhula uliofuata Mwalimu Kuloba alirudishiwa mitihani yake. Na mimi nikaitwa Jinja.

Bwana Omondi alikuwa na nakala ya barua yangu mezani. Sijawahi kumwona amekasirika kwa upole namna ile. "Mama Shamimu, umetia sahihi kwa jina la duka langu kwamba tumesema uongo."

"Tulisema, Bosi."

"Kila mtu husema! Nani anauza gari huku akisifu breki mbovu?"

"Anayemjua atakayeliendesha."

Nilimwambia sitaandika tena neno "tayari" bila kuonyesha nani ameujaribu mfumo, kwa kazi gani, kwa mashine gani. Nikamtolea karatasi niliyokuwa nimeichapa. Ilikuwa na safu tatu: Inafanya, Haifanyi, Hatujajaribu. Ile ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyomuudhi zaidi. Akaichana. Nikaenda kwenye printa nikachapa nyingine. Akaichana na hiyo, kwa utulivu, vipande vinne. Nikachapa ya tatu. Printa ile ilikuwa na wino wa kutosha, na mimi sikuwa na haraka.

Hakunifukuza, labda kwa sababu Afande alikuwa amesimama mlangoni. Aliniacha nitumie karatasi ile Mbale tu, kwa wateja wadogo. Wengine waliisoma wakaondoka. Wengine waliisoma wakauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza, maswali mazuri, na tukafungua safu ya nne ya yale waliyotufundisha wao. Hiyo haikudumu. Karatasi haikutosha.

Mtihani wetu ulikuja na taasisi moja hapa Jinja iliyotaka kubadilisha kompyuta za ofisi zake zote. Hiyo ingekuwa kazi yetu kubwa kuliko zote. Katika fomu yao kulikuwa na swali: je, mfumo uko tayari kikamilifu kwa wafanyakazi wote? Jibu ndiyo au hapana. Bwana Omondi alinipa fomu niijaze, kwani mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimewatembelea watu wale, nimekaa na mhasibu wao, nimeona programu yake ambayo kwetu haikufunguka. Niliandika "Hapana," nikaambatanisha karatasi ya safu tatu, na juu yake nikaandika majina ya ofisi ambazo ningeshauri wahamie na ofisi moja ambayo ningeshauri isubiri.

Bwana Omondi aliisoma fomu akiwa amesimama. Nilingoja aichane. Nilikuwa nimeshika nakala nyingine mbili nyuma ya mgongo.

"Huyo mhasibu," akauliza, "umekaa naye kweli?"

"Siku mbili."

Akanirudishia. "Peleka. Tukiikosa, Afande utamwambia wewe kwamba hakuna pesa ya chumba cha Mbale."

Tuliikosa. Ningependa kuwaambia kwamba waliopata waliaibika, na taasisi ikaturudia kwa magoti. Haikutokea. Nasikia walifanya kazi nzuri tu. Sisi tulitoka chumba cha juu ya duka la vifaa, tukahamia chumba nyuma ya fundi cherehani, ambako kwa mwaka mzima kila kibodi tuliyoifungua ilikuwa na vipande vya uzi. Kulikuwa na miezi ambayo niliamka nikijiuliza kama nimewaangusha wenzangu kwa ajili ya neno moja. Kisha nilikumbuka baraza la Busiu, nikavaa, nikaenda kazini.

Bwana Omondi hakuwahi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Lakini siku moja nikiwa kwenye foleni ya benki, redio ikaleta tangazo letu jipya, kwa sauti yake mwenyewe: "Njoo ujaribu kabla hujaamua. Leta printa yako. Leta faili zako. Tutakuambia kinachowezekana na kisichowezekana." Hakukuwa na alama ya mshangao hata moja. Unaweza kuisikia, mtu akiiondoa.

Mwalimu Kuloba aliendelea kuja kila likizo ya shule, hata baada ya mimi kurudishwa ofisi ya Jinja. Toleo jipya la mfumo likitoka, alilijaribu kwa masikio, na mimi niliandika. Yaliyokwama tuliyatuma kwa watu waliokuwa wakiitengeneza programu ya sauti, wageni wa nchi za mbali ambao hatujawahi kuonana nao. Baadhi yao walijibu, wakauliza zaidi, wakarekebisha. Hiyo ndiyo raha ya programu huria, na nilijifunza kuisema vile ilivyo: si kwamba imekamilika, ila ukilalamika kwa makini kuna mahali malalamiko yako yanaingia. Mwaka hadi mwaka mistari ilihama kutoka safu ya pili kwenda ya kwanza, mmoja mmoja, na mara nyingine mmoja ukarudi nyuma nasi tukaurudisha kwenye karatasi.

Likizo moja, mimi nikiwa nimebakiza miezi michache kazini, aliingia akaweka mkoba mezani.

"Mama, leo futa ya zamani. Weka yenu."

Nilivuta karatasi ya safu tatu. Nikamwambia majedwali sasa yanasomeka, lakini yale makubwa yenye visanduku vilivyounganishwa bado sauti inaruka mistari. Ratiba ya shule, kwa mfano, haitamsomea sawa. Na majina ya Kimasaba bado ni aibu.

"Najua. Nimesikia karatasi yenu yote, mke wangu amenisomea mara mbili." Akatabasamu. "Ratiba nimeshika kwa kichwa. Na hilo jina, nimelizoea."

Nilitayarisha kila kitu. Ukaja ule ukurasa wa mwisho, unaouliza kama una hakika, kwa kuwa kila kilichomo kitafutwa. Nilikuwa nimebonyeza kitufe kile mara nisizoweza kuhesabu. Mkono wangu ulikaa juu yake, ukakaa tu.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Inauliza kama una hakika."

"Inauliza nani?"

"Wewe, Mwalimu."

Akasogeza kiti. Akapapasa ukingo wa kibodi, akahesabu vitufe kwa ncha ya kidole, akafika, akabonyeza mwenyewe.

Muhula ule alitunga mtihani wa historia wa kidato cha tatu kwenye mashine hiyo, akauchapisha, akausimamia mpaka bahasha ikafungwa. Baada yake yeye, wa kwanza kuusoma walikuwa wanafunzi, asubuhi, wakiwa wameketi kwenye viti vyao.